Majina ya Miti Yanatutoka, na Miti Yenyewe Inayafuata

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Muhula uliopita, katika darasa langu la tafsiri, swali la mwanafunzi mmoja lilinifanya mimi mwalimu ndiye nijione mjinga, na tangu siku hiyo halijanitoka akilini.

Nilikuwa nimewapa wanafunzi kifungu kifupi cha nathari ya Kiingereza kinachosimulia matembezi ya mashambani wakati wa machipuko. Kandokando ya njia anayopita msimulizi umeota mti wenye miiba na maua meupe, na mwandishi anautaja kwa jina lake: hawthorn. Kalamu zikasimama. Baada ya minong'ono ya dakika chache, kijana mmoja aliyezaliwa Kiminini, si mbali na mji wa Kitale, akapendekeza tuuite mchongoma. Darasa likaafiki, maana ni nani asiyeijua methali isemayo kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma? Hapo ndipo msichana mmoja kutoka Bungoma aliponyosha mkono na kuuliza: "Lakini mwalimu, mti huo ni jamaa ya mti gani wa kwetu?"

Nilimwahidi jibu baada ya wiki moja. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, ingawa limekuwa refu kuliko nilivyokusudia, na sehemu yake moja naiandika kwa haya.

Tuanze na huyo mgeni. Jina lake la kitaalamu ni Crataegus, na chini ya jina hilo wataalamu wengi huhesabu aina zinazozidi mia mbili. Zote ni za Kizio cha Kaskazini cha dunia: Ulaya, Asia, Marekani ya Kaskazini, na ule ukanda wa Afrika unaopakana na Bahari ya Mediterania. Kusini mwa Sahara hauoti porini. Aina iliyo mashuhuri zaidi kwa Waingereza ni Crataegus monogyna, mti mdogo ambao aghalabu haupiti mita kumi. Makazi yake ya asili ni pembezoni mwa misitu, vichakani na kwenye nyanda zisizolimwa, mahali penye jua la kutosha. Hustahimili upepo na baridi. Maua yake hufunguka mwezi wa Mei, hata Waingereza wakaufanya mwezi huo kuwa jina lake la pili, na vuli inapowadia huzaa vitunda vyekundu ambavyo ni chakula cha ndege.

Sisi wanaisimu hatuliachi jina lipite bila kulipekua. Silabi ya kwanza ya neno hawthorn ni mabaki ya neno la Kiingereza cha kale, haga, lenye maana ya ua au boma. Sehemu ya pili ni mwiba. Kwa hivyo hawthorn ni "mwiba wa boma". Neno ndugu la hilo haga ndilo lililomo katika jina la mji wa Den Haag kule Uholanzi. Mti wa porini, basi, ulipewa jina la kazi ambayo binadamu aliutwika. Nayo haikuwa kazi ndogo. Katika karne za 18 na 19, Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria za kuigawa na kuizungushia ua ardhi ambayo awali ilitumiwa na wote, ni miche ya mti huu iliyopandwa kwa wingi mipakani.

Msomaji wa Kitale hahitaji kupanda ndege ili aone ua wa miiba. Atembee katika yaliyokuwa mashamba ya walowezi wa Trans-Nzoia, ataukuta ua wa kayaba, wenye miiba mirefu inayoweza kutoboa soli ya kiatu na matunda ya manjano ambayo uchachu wake kila mtoto wa huko anaujua. Kayaba naye ni mgeni. Kwao ni Afrika Kusini, na jina lake la Kiingereza limetokana na mto Kei wa huko, likiunganishwa na neno la tofaa. Gikuyu haina sauti ya "p". Kwa hiyo jina hilo lilipopita katika vinywa vya wafanyakazi wa mashambani, "p" ikageuka "b", na "kei-apple" ikatoka kayaba. Leo jina hilo limekita mizizi hata Nairobi, ambako mtaa mmoja wa Mukuru huitwa Kayaba.

Kwa mujibu wa matumizi, basi, kijana wangu wa Kiminini hakukosea. Mchongoma wetu na kayaba hufanya kwetu kazi ileile ambayo mwiba wa boma huifanya kwa Waingereza. Lakini msichana wa Bungoma hakuuliza habari za kazi. Aliuliza habari za ujamaa, na ujamaa wa miti hautafutwi katika miiba, hutafutwa katika ua na tunda.

Hawthorn ni wa ukoo wa waridi. Ukoo huo ni mkubwa, na ndani yake wamo tofaa, pichi, plamu na lozi. Je, ukoo huo una mtoto wa porini katika misitu yetu? Naam, tena si mmoja. Aliye mkubwa kwa kimo na kwa thamani ni mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, na ambao Waluhya wa upande wa Kakamega huuita mwiritsa. Huyu ni ndugu wa karibu zaidi wa lozi na plamu, na binamu wa hawthorn.

Usidhani, msomaji mpenzi, kwamba binamu hawa wanafanana kwa sura. Mwiritsa hauna miiba. Ni mti wa msitu hasa, wenye majani mabichi mwaka mzima, na unaweza kufikia mita thelathini na zaidi. Gome lake ni jeusi-kahawia, limekwaruzika kama ngozi ya mamba. Ukilifikicha jani lake, utasikia harufu ya lozi chungu, na harufu hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Maua yake ni madogo na meupe, nayo matunda yake ni mekundu yanayoelekea zambarau, ya ukubwa wa sentimita moja hivi. Nyani, mbega na ndege huyala na kuzitawanya mbegu.

Makazi yake ni milima. Hukua katika misitu ya nyanda za juu za Afrika, tangu Kameruni hadi Ethiopia, na kusini hadi Afrika Kusini na Madagaska, aghalabu katika mwinuko wa kati ya mita 1,000 na 2,500 au zaidi kidogo. Mtu anayesafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye huwa na makazi hayo mkono wake wa kulia safari nzima. Huo ni Mlima Elgon, volkano ya kale iliyozimika, ambayo Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda huiita Masaba. Katika misitu ya chini ya mlima huo mwiritsa huota pamoja na mzeituni wa Elgon, podo na mwerezi. Juu yake huanza mianzi, na juu zaidi huota mti mwingine wa ukoo wa waridi, Hagenia abyssinica, kabla ya msitu kukoma na majani ya baridi kutawala. Maji ya mto Nzoia, yanayonywesha miji yote miwili niliyoitaja, hutoka katika misitu hii na ile ya milima ya Cherangani.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, marehemu babu yangu, ambaye kwa Lubukusu twamwita kuka, alinichukua tukapanda kutoka kijijini kwetu juu ya Kimilili, njia ya kwendea Kapsokwony. Nyanya yangu alikuwa akiumwa na tumbo. Tulifika kwenye mti mmoja mkubwa, naye akaniamuru niuguse na kuunusa. Akabandua kipande cha gome upande wa mawio ya jua, kisha akapaka kidonda hicho udongo. Upande wa machweo nikaona kovu la zamani lililokuwa limekwisha kufunika. Nikamwuliza kwa nini asichukue lingi ili tusirudi tena. Akanijibu: "Mti una nguo moja tu. Ukiivua yote, utakufa kwa baridi." Kisha akanitajia jina lake, akanitaka nilirudie. Nikalirudia.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwanafunzi wa shule ya upili, nilipita mahali pale. Mti ulikuwa umesimama uchi, umemenywa pande zote tangu shinani hadi mahali ambapo ngazi ingefika, na matawi yake yalikuwa makavu. Nilipouliza nyumbani, nikaambiwa kwamba walikuja watu wenye magunia. Hakuna aliyewajua. Hakuna aliyeshtuka pia. "Ni ule mti wa dawa," walisema, mazungumzo yakaisha.

Baadaye nilisoma na kuelewa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, dawa iliyotengenezwa kwa gome la mti huu iliuzwa Ufaransa, kisha katika nchi nyingine za Ulaya, kwa wanaume wazee waliovimba tezi dume. Magome yakabanduliwa Kameruni, Madagaska, hapa Kenya na kwingineko. Mti uliobanduliwa kwa kiasi, pande mbili zinazokabiliana, huweza kupona na kuvaa gome jipya. Mti uliomenywa mduara mzima hufa, kwa sababu chakula kinachotoka majanini hupita katika gome kuteremkia mizizini. Kuka hakuwa amesoma elimu ya mimea, lakini alilijua hilo. Uharibifu ulizidi kiasi cha mti huu kuorodheshwa mwaka 1995 katika mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Ajabu ni kwamba hata sokoni mti huu ulikuwa na jina. Zamani wataalamu waliuita Pygeum africanum. Mwaka 1965 ukahamishiwa jenasi ya Prunus, lakini jina lile la kwanza limesalia kwenye chupa za dawa hadi leo. Mti ulijulikana kwa jina Paris, ukaandikwa kwa jina katika mikataba, ilhali katika kijiji kilichokuwa chini yake ulikuwa umekwisha kuwa "ule mti wa dawa".

Na mimi je? Mimi nimesoma hadi shahada ya uzamifu katika isimu. Naweza kumweleza mwanafunzi kwamba Lubukusu huhifadhi viambishi virefu vya ngeli ambavyo Kiswahili kimevifupisha, ndipo mti ukawa kumusala na miti ikawa kimisala. Lakini jina alilonitamkia kuka, nikalirudia kwa kinywa changu, sinalo. Limenitoka. Baada ya swali la yule msichana nilirudi kijijini nikawauliza wazee watatu. Wa kwanza akaniambia ni mti wa dawa. Wa pili akanitajia jina alilojifunza kwa majirani zetu Wasabaot. Wa tatu akacheka akasema, "Wewe ndiwe msomi, mbona watuuliza sisi?" Sikuwa na jibu.

Kuna atakayesema kwamba haya ni machozi ya mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Mti ukatwapo haukatwi kwa sababu hauna jina, hukatwa kwa sababu ya njaa na pesa. Na jina, hata lingekuwa tamu namna gani, halizuii shoka. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini tazama mifano miwili.

Wa kwanza unatoka Ireland. Huko hawthorn unaosimama peke yake shambani huhesabiwa kuwa makao ya viumbe wasioonekana, na watu huogopa kuukata. Mwaka 1999 mpango wa barabara kuu katika kaunti ya Clare ulikuwa uondoe mti mmoja wa namna hiyo mahali paitwapo Latoon. Msimulizi wa ngano, Eddie Lenihan, akapaza sauti, akausimulia umma kisa cha mti ule. Barabara ilipojengwa, mti uliachwa ukiwa umezungushiwa uzio kando yake. Wa pili ni wa hapa kwetu. Mwezi wa Novemba 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkongwe wa Waiyaki Way ulikuwa uondolewe. Watu walilalamika, serikali ikatoa amri, na mugumo ukabaki. Miti mingine mingi ya barabara hiyohiyo ilianguka bila mtu kuililia.

Kwa nini mugumo? Kwa sababu una jina, na jina hilo lina hadithi, na hadithi hiyo ina watu. Jina halizuii shoka, nakubali. Lakini humfanya mwenye shoka aulizwe swali. Mti wa kuka haukuulizia mtu yeyote swali lolote.

Fauka ya hayo, majina ni maktaba. Wagikuyu huuita mti huu muiri, Wameru mweria, na Waluhya mwiritsa. Yatazame majina hayo kwa jicho la mwanaisimu: kiambishi cha miti ni kilekile, na mashina yake yanakaribiana, ilhali watu wanaoyatamka wametengwa na Bonde la Ufa. Ufanani huo unadai uchunguzi, kwa maana unaweza kutudokeza habari za mababu waliouishi msitu mmoja au waliobadilishana elimu ya dawa. Wanandi na Wakipsigis, ambao lugha zao si za Kibantu, huuita tendwet. Na jina hilo lina kiambishi tamati chake, kwa taratibu za lugha hizo. Kila jina ni ushahidi kwamba kulikuwa na watu waliousimamia mti huo, wakaunusa, wakautofautisha na mingine. Likipotea jina moja, unapotea ukurasa ambao hakuna chuo kikuu kiwezacho kuuandika upya.

Isitoshe, kuna jambo la vitendo. Mwezi wa Desemba 2022 serikali ilizindua kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nia ni njema. Lakini mtu hupanda kile anachoweza kukitaja. Mwambie mkulima wa Kiminini au wa Chwele akuletee miche, atakuletea mkaratusi wa Australia, saipresi na msonobari wa Meksiko, kwa sababu majina hayo yako kinywani mwake na kwenye vibao vya wauza miche. Mwiritsa hautaji, kwa hiyo haupandi. Nazo mbegu zake si za kuwekwa ghalani. Zikikauka hupoteza uhai kwa muda mfupi, na hupaswa kupandwa zingali mbichi. Asiyeujua mti hawezi kuukusanyia mbegu kwa wakati ufaao. Hivyo kusahau jina kunakuwa kusahau mche.

Basi, mwalimu mwenzangu wa Kitale, wa Kimilili na wa Bungoma, tufanyeje? Sipendekezi tume, wala semina ya hotelini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha saba, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Nao mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeziweka lugha hizo katika gredi za chini. Mlango umekwisha kufunguliwa. Kilichobaki ni kuingia tukiwa na daftari.

Kila shule iwe na daftari moja la miti. Mwanafunzi aende nyumbani amwulize nyanya au babu: mti huu waitwaje, huota wapi, huchanua lini, nani hula matunda yake, ulitumiwa kwa nini. Jawabu liandikwe kwa lugha lilivyotamkwa, pamoja na jina la kijiji. Jina la Kisabaot liandikwe kando ya lile la Kibukusu, wala yasigombanishwe. Mlima ni mmoja. Walimu wa sayansi waongeze jina la kitaalamu, ili watoto wajue kwamba majina hayo yote ni ya mti uleule. Walio karibu na Jumba la Makumbusho la Kitale wana bahati, kwani kuna njia ya matembezi inayopita katika kipande cha msitu wa asili. Wapelekwe huko wanuse majani. Na palipo na nafasi uwanjani, upandwe mwiritsa mmoja, upewe kibao chenye majina yake yote.

Nawe mwanafunzi, usikae ukingoja mwalimu akuamuru. Wazee wetu hawachapishi vitabu. Kila mwezi tunazika maneno ambayo hakuna kamusi iliyoyapokea, nasi hutoka makaburini tukijipangusa mavumbi kana kwamba tumemzika mtu mmoja tu. Mimi nilikuwa na kuka kwa miaka mingi baada ya siku ile ya mlimani. Ningeweza kumwuliza tena wakati wowote. Nilikuwa na haraka ya kusoma vitabu vya wengine.

Yule msichana wa Bungoma nimekwisha kumjibu. Katika tafsiri yake niliruhusu hawthorn ibaki mchongoma, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atauona ua wa miiba na ataelewa. Kuhusu jamaa wa mti huo nimemwambia kwamba yuko, ni mkubwa, na anaishi katika mlima anaouona kila asubuhi akifungua dirisha la kwao. Kisha nikampa kazi ya likizo: akamwulize nyanyake jina la mti mrefu wenye gome jeusi na harufu ya lozi chungu, aliandike palepale analisikia, aniletee. Nimemwambia pia kwamba hiyo si kazi ya kutuzwa alama. Ni mwalimu wake anayeomba kufundishwa.